Kitufe cha Hifadhi na Zamu ya Mama Khisa

Jumamosi, alasiri. Mvua ilinikuta njiani kabla sijafika nyumbani, na mpaka sasa haijaamua kama inaondoka au inalala hapa hapa mtaani Tuwan. Viatu nimeviacha nje ya mlango kwa sababu vimebeba nusu ya udongo wa Naitiri. Nimechemsha chai, nimekaa, na najaribu kujua kama nina furaha.

Ninayo, lakini si ile niliyoitarajia. Kuna swali nimeulizwa leo na mama mmoja na bado limenikalia kifuani. Wacha niandike kuanzia Jumatatu, nisije nikalisahau lilivyokuwa.

Kwa mgeni wa blogu hii: mimi na mwenzangu Ndiwa, niliyesoma naye chuo, tunatengeneza visanduku vya kuendesha matangi ya kupozea maziwa. Tuko kwenye chumba kimoja juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo hapa Kitale, na chumba kinanuka dawa ya kupe mpaka kwenye chai. Kisanduku chenyewe ni kidogo tu: skrini, vitufe vichache, na ndani yake chipu ya bei nafuu ambayo haiwezi kubeba ile mifumo mikubwa ya kompyuta. Kwa hivyo kiini cha mfumo tumekiandika wenyewe. Kiini ndicho kitu cha chini kabisa, kinachoamka kwanza umeme ukirudi na kuwagawia wengine kazi: wewe pima joto la maziwa, wewe washa kompresa ya kupoza, wewe andika kwenye skrini. Kiini kikiganda, kila kitu kinaganda.

Watu huniuliza kwa nini nang'ang'ana huko chini badala ya kutengeneza programu za simu kama watu wenye akili zao. Ni udadisi tu. Mimi nikikuta mlango umefungwa siwezi kulala kabla sijajua ndani kuna nini, hata kama ni majembe.

Sasa, Jumatatu Mama alinipigia simu. Mama anaishi Naitiri, na ndiye aliyewashawishi akina mama wa kikundi chake wachukue kisanduku chetu.

"Naliaka, tangi imelala tena," akasema. Hakunisalimu, na Mama ni mtu wa kukusalimu hata nyumba ikiwaka moto.

Tena, kwa sababu hii ilikuwa mara ya pili. Kompresa ilikuwa imezima, skrini imesimama kwenye joto la jana yake, na maziwa ya jioni ya kikundi kizima yalikuwa yamechacha. Walichomoa umeme wakachomeka, na kisanduku kikaamka kama mtu asiye na habari.

Nikamwambia nitalishughulikia. Hapo akashusha sauti.

"Basi fanya haraka. Si unajua vile watu wa huku wako. Wanasema ni mkono wa Mama Khisa."

Mama Khisa ni jirani yetu tangu nikiwa mtoto. Mkimya, mtaratibu mpaka anaudhi, mtu wa kufagia uwanja halafu akarudi kufagia nyayo zake mwenyewe. Kikundi hulinda tangi kwa zamu, na mara zote mbili tangi lilikuwa limelala kwenye zamu yake. Watu wakaanza kuunganisha, kwamba mkono wake ni wa mkosi. Wakakumbuka ndama wake aliyekufa. Wakakumbuka kuku wa fulani aliyeacha kutaga baada ya yeye kupita hapo. Lisemwalo lipo, wakasema, na ukishasikia methali hiyo ikitajwa ujue hakuna anayetafuta ushahidi tena.

Mama akanieleza jambo jingine lililoniuma zaidi. Juma lililopita kulikuwa na mazishi hapo jirani, na Mama Khisa akaenda jikoni kusonga ugali kama wanawake wengine wote. Mtu akamtoa mwiko mkononi, kwa upole kabisa, akamwambia akakae na wageni apumzike. Mtu wa mbali anaweza kudhani hiyo ni heshima. Kwetu, mwanamke wa mtaa huo huo kuambiwa akakae na wageni siku ya msiba ni kuambiwa hatukutaki kwenye chakula chetu.

Na leo, Jumamosi, kikundi kilikuwa kinakaa kuamua kama atolewe.

Akitolewa, maziwa yake hayana tangi. Hilo ni dogo. Kubwa ni lile jina, ambalo lingemfuata sokoni, kanisani na hadi kwa wakwe wa watoto wake. Nilifunga simu nikiwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na swali ambalo niliona haya kumwambia Mama. Kwa nini zamu yake, mara zote mbili?

Mkosi siuamini. Lakini bahati pia siipendi, si kwenye msimbo wa programu. Mashine ikifanya kitu mara mbili mahali pamoja, kuna sababu, na sababu hiyo inakaa mahali fulani ambapo mtu anaweza kuiendea.

Jumanne tuliweka mezani kisanduku kingine chenye programu ile ile. Tukatumbukiza kipima joto kwenye kikombe cha maji tukasubiri kigande. Hakikuganda. Tukakitesa: tukakata umeme, tukaurudisha, tukachovya maji moto, tukachovya ya baridi. Kikaendelea tu. Ndiwa akavua miwani akapangusa uso.

"Hii kitu iko poa, bana. Hao wamama wanabonyeza vibaya."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mashine inayokufa kwa kubonyezwa vibaya ni mashine mbaya, na aliyeiunda anyamaze. Lakini kusema kweli sikuwa na chochote cha kushika. Visanduku vyetu vingine, kile cha Misikhu na kile cha Kiminini, vina programu hiyo hiyo na havijawahi kulala hata mara moja.

Kwa hivyo Jumatano nikaenda Naitiri. Sikwenda kurekebisha. Nilikwenda kukaa kwenye kiti kando ya tangi na kutazama.

Akaja mama wa zamu. Akanawa mikono. Akawasalimu aliowakuta, habari za watoto, habari za mahindi, yule mgonjwa anaendeleaje. Halafu, kabla hajagusa ndoo hata moja, akakiendea kisanduku akabonyeza kitufe cha HIFADHI. Hakuwa amebadilisha chochote. Alibonyeza tu, skrini ikamwambia "Imehifadhiwa", akatikisa kichwa kuridhika, akaanza kazi. Baadaye akaja aliyempokea. Akanawa, akasalimia, akabonyeza.

Nikamuuliza Mama hiyo ni nini.

"Ni kupokea," akasema, akinitazama kama mtoto aliyesahau jina lake. "Si unapokea kazi ya mwenzako? Hauwezi ingia kwa jiko ya mtu hivi hivi."

Nikataka kucheka na kulia kwa pamoja. Siku ya kufunga kile kisanduku ni mimi niliyewaonyesha: ukimaliza kupanga, bonyeza Hifadhi. Nilimaanisha mara moja, siku ile, basi. Wao wakakifanya kuwa adabu. Huko Misikhu kisanduku kilipangwa siku ya kwanza na hakuna aliyekigusa tena. Naitiri kinabishiwa hodi kutwa.

"Na Mama Khisa?" nikauliza.

Mama akatabasamu. "Huyo? Huyo anabonyeza akifika, anabonyeza akishamwaga maziwa, na akienda anabonyeza tena. Ati kwa usalama."

Niliinuka nikaondoka bila kumaliza chai, na Mama bado ananidai maelezo ya utovu huo wa adabu.

Sababu ni hii. Programu yetu na mipangilio yake inakaa kwenye kumbukumbu inayoitwa flashi, ile isiyosahau umeme ukipotea. Flashi ina tabia yake. Huwezi kufuta neno moja ukaandika jingine juu yake. Unaandika mstari mpya chini ya ule wa zamani, na mwingine chini ya huo, mpaka ukurasa ujae. Ukijaa, unafuta ukurasa mzima kwa mkupuo na kuanza upya. Misikhu ukurasa haujawahi kujaa na hautajaa leo wala kesho. Sisi ofisini tulibonyeza Hifadhi mara chache tukaona inafanya kazi, tukaridhika. Ni Naitiri tu ambako ukurasa hujaa na kufutwa, na anayebonyeza kuliko wote ndiye mwenye nafasi kubwa kuliko wote ya kubonyeza pale ulipojaa.

Alhamisi asubuhi nikaandika kijiprogramu cha kubonyeza Hifadhi mfululizo, bila kidole. Nikakiwasha, nikageuka kuchukua mandazi. Nilipogeuka tena, kisanduku kilikuwa kimeganda.

Sijui niseme nilifurahi vipi. Ni ile furaha ya kumpata ng'ombe aliyepotea, hata kama umempata ndani ya shamba la mtu. Nilimwita Ndiwa tukakizunguka kile kisanduku kilichokufa tukitabasamu kama wajinga.

Sasa kilichobaki ni kujua kwa nini, na hapa ndipo nilipopotea kwa utamu wake, kwa hivyo nitajaribu kueleza kama vile ningemweleza Mama.

Programu yetu haikai tu kwenye flashi, inafanya kazi ikiwa humo humo. Chipu inasoma agizo moja kutoka flashi, inalitenda, inasoma la pili. Flashi ikiwa katikati ya kufutwa haisomeki, na chipu ikijaribu kusoma inapata takataka na kupotea. Kwa hivyo kile kipande cha msimbo kinachofanya kazi ya kufuta lazima kwanza kihamishiwe kwenye kumbukumbu nyingine, RAM, kifanye kazi kikiwa huko. Ni kama kusiriba sakafu ya nyumba kwa kinyesi cha ng'ombe. Unaanzia pembe ya ndani unarudi kinyumenyume hadi mlangoni, na kila unachohitaji umeshakitoa nje. Hauachi ndoo ya maji huko ndani.

Hilo tulilijua. Tulikihamisha kipande kikubwa vizuri kabisa. Lakini kipande kikubwa kina msaidizi mdogo, ambaye kazi yake ni kuiuliza flashi swali moja tu: umemaliza? Tulitaka huyu mdogo apachikwe ndani ya tumbo la mkubwa, wahamie RAM pamoja. Kuna neno la kuandika ili kumwambia hivyo kompaila, yaani ile programu inayotafsiri maandishi yetu kuwa lugha ya mashine. Neno lenyewe ni inline. Tulikuwa tumeliandika. Liko pale, nililiona kwa macho yangu.

Nikafungua maagizo yaliyotafsiriwa, yale ambayo mashine inayasoma hasa. Kipande kikubwa kilikuwa RAM, salama. Katikati yake, mara tu baada ya kuanza kufuta, palikuwa na agizo la kuruka: rudi kwenye flashi, kamuulize mdogo.

Ndoo ilikuwa imeachwa ndani.

Na kwa nini kisanduku hakikujiamsha? Tuna mlinzi ndani ya chipu, anayekiwasha upya kiini kikikaa kimya muda mrefu. Lakini kufuta huchukua muda, na huyo mlinzi alikuwa akikosa subira, basi tukamwambia alale kidogo kila tunapofuta. Amelala, hakuna wa kumwamsha, kompresa imebaki jinsi ilivyokuwa. Zile mara mbili ilikuwa imezima.

Kitu kilichonisumbua ni kwamba toleo la zamani la programu hiyo hiyo, tulilokuwa nalo kabla ya hili, lilikuwa sawa. Nililifungua pia. Mdogo yuko tumboni mwa mkubwa, kama tulivyotaka. Mistari ile haijaguswa na mtu, herufi kwa herufi. Mchana mzima niliweka matoleo mawili kando kwa kando nikiyatazama kama mtu anayetafuta tofauti kati ya mapacha. Msimbo ni ule ule, kompaila ni ile ile, tafsiri ni mbili.

Jibu lilikuwa mahali pengine kabisa. Siku chache kabla ya kupeleka toleo jipya, Ndiwa alikuwa ameongeza mstari sehemu nyingine ya kiini, ili baada ya kuandika pia tuiulize flashi kama imemaliza. Alimtumia yule yule msaidizi mdogo. Jambo zuri, la uangalifu. Lakini kabla ya hapo mdogo alikuwa na mwitaji mmoja tu, yaani sehemu moja tu ya programu iliyomtumia, na kompaila ikiona kipande kina mwitaji mmoja hukimeza bila kufikiri, kwani haipotezi kitu. Wakishakuwa wawili inaanza kupiga hesabu: nikimmeza mara mbili programu itanenepa, na hawa watu waliniomba programu nyembamba. Ikamwacha asimame peke yake, kwenye flashi, wote wawili wamfuate huko. Lile neno letu halikuwa amri. Lilikuwa ombi, na kompaila ina haki ya kulikataa bila kukuambia. Siku zote tulikuwa tukiishi kwa hisani yake na kuita ustadi.

Nilimwonyesha Ndiwa ule mstari. Akausoma mara mbili.

"Kwa hivyo ni mimi ndio niko na mkono," akasema. Alikuwa anatania, lakini hakunitazama.

Na mimi, nakiri hapa kwa kuwa hakuna anayenisikia, nilikuwa tayari nimefungua mdomo kusema ndiyo. Ni rahisi mno. Aliyegusa mwisho ndiye. Nilijisikia vibaya, maana Jumatatu nzima nilikuwa nimewalaani akina mama wa Naitiri kwa hesabu hiyo hiyo. Ndiwa aliongeza uangalifu, na shimo lilikuwepo kabla yake. Nikamwambia hivyo, na nikamwomba msamaha kwa maneno ya Jumanne. Akasema yaishe, nimnunulie chapati.

Marekebisho yalikuwa madogo kuliko chapati. Kuna namna ya kuandika inayogeuza ombi kuwa amri: huyu mpachike kila mara, utake usitake. Nikaiandika. Na kwa kuwa nilikuwa nimefurahi, nikasafisha safisha kidogo. Kile kipande kikubwa kilikuwa kinaitwa kutoka sehemu mbili zilizofanana, nikaziunganisha ziwe moja. Nikakiwasha kijiprogramu changu cha kubonyeza.

Kikaganda.

Ndiwa alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Nilifungua tena maagizo ya mashine, nikatafuta mdogo: yuko tumboni, kama nilivyoamuru. Nikatafuta mkubwa kule RAM, simwoni. Hayupo. RAM tupu. Nilihisi kama mtu aliyefunga ng'ombe kamba akakuta kamba imebaki na ng'ombe hakuna.

Nilimpata ndani ya flashi, tumboni mwa anayemwita. Bila shaka. Kwa kusafisha kwangu nilikuwa nimemwachia mwitaji mmoja tu, na kompaila ikiona kipande kina mwitaji mmoja hukimeza. Kanuni ni ile ile. Mara ya kwanza ilituumiza kwa kukataa kumeza, sasa imetuumiza kwa kumeza, na mara zote mbili ilikuwa inatusaidia kwa moyo wake wote. Nikaandika amri ya pili, ya kinyume: huyu mkubwa asimezwe kamwe, na mtu yeyote. Mdogo lazima aingie tumboni, mkubwa lazima abaki nje.

Ijumaa kijiprogramu kilibonyeza kutwa. Kurasa zikajaa zikafutwa, zikajaa zikafutwa. Kisanduku kikaendelea kupima joto la kikombe changu cha maji kama hakina neno. Nilikula chakula cha mchana nikikitazama, na sikuona haya.

Leo asubuhi nikapanda kwenda Naitiri na visanduku viwili mkobani: kimoja chenye programu mpya, kimoja chenye ile mbovu. Wazo la kubeba kile kibovu lilikuwa la Ndiwa. Alisema watu hawaamini uponyaji kama hawajaona ugonjwa.

Kwanza nikaweka programu mpya kwenye tangi lenyewe. Kisha kikundi kikakaa ndani ya kibanda cha tangi, kwa sababu ya manyunyu. Maombi yakafanywa. Mwenyekiti, Mama Nafula, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto, akasema kabla ya lile jambo kuu, binti ya mwenzetu ana maneno. Mama Khisa alikuwa benchi la nyuma, karibu na mlango, na nafasi ya mtu mmoja pande zote mbili.

Nikaeleza. Nilianza na kusiriba, na nikaona nimekosea, kwa sababu wakaanza kubishana na mimi kuhusu kusiriba. Nani huyo anaacha ndoo ndani? Hakufunzwa na mama yake? Nikasema ndiyo, hakufunzwa, ni mashine, tulimwomba atoe ndoo na hakutoa. Wengine wakaguna. Mama mmoja akasema mashine haina macho, itajuaje ni zamu ya nani? Nikamwambia hilo ndilo swali lenyewe, na haijui.

Basi nikatoa kile kibovu, nikakichomeka, nikampa Mama Nafula. Kwenye skrini kuna saa inayohesabu sekunde. Nikamwomba abonyeze Hifadhi, na aendelee tu.

Akabonyeza. "Imehifadhiwa." Akabonyeza tena. Alikuwa anabonyeza huku anamweleza jirani yake habari za sadaka ya kesho, kwa dharau kidogo, na mimi nilikuwa natokwa na jasho, maana kitu kibovu siku ukikihitaji kinaweza kupona. Akabonyeza, akabonyeza. Halafu ile saa ikasimama.

Akabonyeza kwa nguvu. Akatumia kidole gumba. Hakuna.

Nyuma yangu kompresa ya tangi ikaendelea kuunguruma.

"Kumbe mwenyekiti pia ako na mkono," akasema kikongwe mmoja wa benchi la mbele.

Walicheka. Walicheka mpaka Mama Nafula mwenyewe akajifuta macho kwa kona ya leso. Nikatoa kile kizuri, kikapita mkono kwa mkono, kila mtu akakibonyeza, hata watoto wa mgongoni wakashikwa vidole wakabonyezeshwa. Kilimaliza benchi zote bila kusimama. Mama yangu alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sijatazamwa tangu siku ya matokeo ya mtihani.

Nilidhani imeisha hapo.

Mama Nafula akainuka akamgeukia Mama Khisa. Akasema basi jambo letu limejimaliza lenyewe, imeonekana ni mashine, zamu yako iko palepale Jumanne, tusameheane. Neno hilo halikunipendeza. Mama Khisa alikuwa amemkosea nani ili asamehewe? Wengine wakapiga makofi kidogo.

Mama Khisa akasimama. Hakuwa amecheka hata mara moja, nilikuwa namwangalia. Hakumtazama mwenyekiti. Alinitazama mimi.

"Asante mwanangu kwa kuitafuta," akasema. "Sasa nikuulize. Kama haungeipata?"

Sikumwelewa mara moja. Nikaanza kusema tungeipata tu, ni suala la muda, kasoro kama hizi huwa zinajitokeza.

"Wewe umesema ilikuwa imejificha," akasema. "Umesema hata mwenye kuiandika hakuiona. Kama ungechoka, ukaiacha, mimi ningekuwa nani leo?"

Watu wote walikuwa wananisubiri. Nikasema ukweli.

"Sijui, Mama."

"Mimi najua," akasema. Akachukua ndoo yake chini ya benchi akatoka. Manyunyu yalikuwa bado.

Hakuna aliyemwita. Wakaanza kuongea juu ya bei ya maziwa, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Mama alinisindikiza mpaka barabarani, kisha akasema, "Hao watarudi kwake pole pole," na nikaona kwamba yeye mwenyewe haamini. Nilitaka kumuuliza kama ni yeye aliyekuwa jikoni siku ile ya mazishi, amesimama, akiona. Nikashindwa.

Jumatatu mimi na Ndiwa tutaandika mkaguzi. Kila tunapotafsiri programu, apitie vipande vyote vya RAM, na akikuta hata kimoja kinarukia flashi akatae kazi nzima, apige kelele. Ili siku nyingine kompaila ikibadilisha nia, tujue sisi kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Hiyo ni kazi ninayoiweza, na kwa kweli naisubiri kwa hamu, nataka kujua kuna vipande vingine vingapi vilivyosimama kwa hisani tu.

Lile swali lake sina mkaguzi wake. Nimekunywa chai mpaka imepoa na bado najiuliza: nilikwenda Naitiri kwa ajili yake, au nilikwenda kwa sababu nilitaka kujua? Kama lingekuwa tatizo lisilo na utamu, ningefika?

Jumanne ni zamu yake, akiamua kuja. Nitapanda asubuhi niende, na kompyuta nitaiacha hapa mezani.